Ukuta wa Nani?

Wasomaji wenzangu, nianze kwa kukiri kosa, maana makala inayozungumzia haki na dhuluma haifai kuandikwa na mtu anayejifanya msafi.

Mwaka niliomaliza kidato cha nne, matokeo yalipotoka yakawa yale ya kufichwa chini ya godoro. Nikaingia kwenye kibarua cha rangi. Nilimfuata fundi mmoja hapa Tanga, mzee mpole, nikawa namshikia ngazi, namkorogea rangi, napiga msasa. Mchana rangi, usiku daftari, kwa kuwa nilikwisha kujiapiza kwamba nitakuwa mtunzi wa riwaya hata njaa ikiniua. Baadaye dada yangu akaposwa, ikaamuliwa kwamba nyumba ya bibi kule Ngamiani ndiyo itakayopokea wageni wa harusi. Nikasema, jamani, fundi nipo, mnatafuta nani tena? Nikanunua rangi ya maji, ndoo mbili, kwa pesa yangu mwenyewe. Bibi alipokwenda Pangani kualika ndugu, nikaifanya kazi siku tatu, chumba kwa chumba.

Sasa, chumbani kwa bibi kulikuwa na ukuta mmoja ambao marehemu babu aliufanya daftari lake. Aliandika kwa mkaa na penseli: siku walizozaliwa watoto, mwaka wa mvua kubwa, nani anadaiwa shilingi ngapi, majina ya majahazi aliyopakia nazi zake. Mahali pengine alichora jahazi lenyewe, tanga limejaa upepo. Ukuta ule niliuona tangu utotoni, na nadhani ndiyo sababu nilikuwa siuoni tena. Kwangu mimi ulikuwa uchafu. Nikaupiga rola mikono miwili, ukawa mweupe pee.

Bibi zetu wa Pwani hutuita wajukuu wa kiume "mume wangu". Siku zote nilikuwa mume wa bibi, tukitaniana asubuhi na jioni. Siku ile alirudi, akaingia chumbani, akakaa kitandani na buibui lake bado mwilini, akautazama ukuta. Hakupiga kelele. Alisema tu, "Mjukuu wangu, umemzika babu yako mara ya pili." Lile neno "mjukuu" lilinichoma kuliko yote yaliyofuata.

Hapo ndipo lilipoanza swali ninalotaka tulijadili: kitu kilichochorwa au kuandikwa ukutani ni mali ya nani? Ni ya aliyechora? Ya mwenye nyumba? Ya anayelala humo? Au ya yule atakayekuja baadaye na kukielewa? Na mtu anayetaka kukiokoa, nani amempa ruhusa?

Nilikwenda maktaba ya mkoa kutafuta njia ya kubandua rangi bila kuharibu kilichomo chini. Sikuipata kwa namna niliyotaka, lakini nilikutana na picha ya mwanamke aliyeweka kidole chake mdomoni. Macho makubwa, uso umetulia, kama anayekwambia, "Nyamaza kwanza." Ni Mtakatifu Anna, mama yake Mariamu. Alichorwa kwenye ukuta wa kanisa kuu la Faras, katika nchi ya Wanubi, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Hapa hapa Afrika, jamani, kando ya mto Nile. Na mimi nilidhani michoro ya makanisa ya zama za kati ni mambo ya Ulaya peke yake!

Kisa chenyewe ni hiki. Wanubi walipokea Ukristo katika karne ya 6, na falme zao zikaendelea kuwa za Kikristo kwa karne nyingi. Faras, ambayo zamani iliitwa Pachoras, ilikuwa mji mkubwa wenye askofu wake. Ndani ya kanisa walichora malaika, mitume, wafalme na maaskofu wao wenyewe, tangu karne ya 8 na kuendelea. Lipu ilipochakaa, au walipotaka picha mpya, walipiga lipu nyingine juu ya ile ya kwanza na kuchora upya. Baadaye jengo likaachwa, mchanga wa jangwani ukaingia mpaka ukalijaza. Ukalifunika, na kwa kulifunika ukalilinda.

Mwaka 1959 Misri na Sudan zilikubaliana juu ya maji ya Nile, na ujenzi wa Bwawa Kuu la Aswan ukaanza mwaka 1960. Ilijulikana wazi kwamba ziwa litakalotokea nyuma ya bwawa litaimeza nchi ya Wanubi. Mwezi Machi 1960 UNESCO ikatoa wito kwa mataifa yaje kuokoa mambo ya kale. Wapolandi, wakiongozwa na Profesa Kazimierz Michałowski, wakapewa Faras. Walichimba kuanzia 1961 hadi 1964. Walipouondoa mchanga, zikatokea nyuso. Picha zaidi ya 120, nyingine rangi zake bado zinang'aa. Na maji yanakuja.

Wangefanya nini? Kanisa lenyewe lisingehamishika. Basi wakaamua kuzibandua picha kutoka ukutani. Fundi wangu nilipomsimulia alishika kichwa. Waliifunika picha kwa karatasi nyembamba ya Kijapani, wakaigandisha kwa nta iliyochanganywa na utomvu mkavu wa miti, wakiikandamiza kwa pasi ya moto. Kisha wakaikata lipu kwa nyuma, polepole, mpaka picha ikatoka na ngozi yake, wakailaza kwenye ubao na kuifunga sandukuni. Na walipoitoa picha ya juu, mara nyingine chini yake wakakuta picha ya zamani zaidi inawatazama.

Hebu fikiria hapo. Kwa kawaida, ukitaka kuiona picha ya chini, lazima uiangamize ya juu. Wewe ndiye unayeamua kwamba mchoraji wa karne ya 8 ana haki kuliko yule wa karne ya 11. Njia ile ya kubandua iliwaokoa na dhambi hiyo, maana ya juu ilihifadhiwa na ya chini ikaonekana. Lakini ilikuja na gharama yake: picha zilipata uhai, zikapoteza ukuta. Askofu Petros, aliyechorwa karne ya 10, ana ngozi ya kahawia kama yetu, na nyuma yake amesimama Mtume Petro mwenye ngozi nyeupe, akimlinda. Picha ile ilichorwa ili waumini wa Faras wamwone askofu wao akiwa chini ya ulinzi wa mtume, ndani ya kanisa lake. Leo iko Warsaw, nchini Poland, kwenye chumba cha makumbusho. Zaidi ya picha 60 zilikwenda Warsaw, kwa makubaliano na serikali ya Sudan. Nyingine zilibaki kwa ajili ya makumbusho ya Khartoum.

Niliyasimulia haya kijiweni kwetu, nikidhani washikaji watashangaa. Mmoja wao, muuza mitumba, akanikata kauli.

"We mwandishi, ngoja kwanza. Watu wa pale walikwenda wapi?"

Nilikuwa sijajiuliza. Nikarudi maktaba kichwa chini. Wanubi wa upande wa Sudan, watu wapatao 50,000, walihamishwa kuanzia mwaka 1964 na kupelekwa mashariki ya nchi, Khashm el-Girba, kando ya mto Atbara, mbali na Nile yao na mitende yao. Mwezi Oktoba 1960 waliandamana Wadi Halfa, na maandamano yakafika hadi Khartoum. Hawakusikilizwa. Upande wa Misri nako wengine makumi ya maelfu wakahamishwa.

"Unaona," mshikaji akaniambia nilipomletea habari hiyo. "Picha zimefungwa kwa karatasi ya Kijapani. Watu wamepakiwa kwenye treni. Sasa hapo kimeokolewa nini?"

Nakiri kwamba hoja hiyo ilinikosesha usingizi. Ni kweli kuna namna ya kupenda sanaa ambayo ni kuwakwepa watu. Ni rahisi kumlilia mtakatifu wa ukutani, kwa sababu mtakatifu wa ukutani haombi shamba jingine badala ya lile lililozama. Lakini nikajiuliza pia: kama wale Wapolandi wangekataa kuzibandua picha kwa kuwaonea huruma Wanubi, je, Mnubi hata mmoja angerudishiwa nyumba yake? Bwawa lisingesimama. Maji yangechukua vyote viwili. Leo mtoto wa Mnubi aliyezaliwa uhamishoni anaweza walau kuonyeshwa: huyu ni askofu wa kwenu, haya ni maandishi ya lugha ya wazee wako. Kwenye kuta zile kuna maandishi ya Kigiriki, Kikopti na Kinubi cha kale. Zaidi ya hayo, ilikutwa orodha ya maaskofu imeandikwa ukutani kwa mfuatano, nayo imewasaidia wataalamu kujua picha ipi ilitangulia ipi. Nilipoisoma habari ya orodha ile nilimkumbuka babu na tarehe zake za mkaa, nikafunga kitabu.

Basi mimi nasema hivi: Wapolandi walifanya sawa. Ila kufanya sawa hakufuti deni. Anayekiokoa kitu kwa kukiondoa kwao anabaki anadaiwa na kwao huko. Akianza kusema "ni changu, maana mimi ndiye niliyekitoa kwenye maji," hapo uokozi unageuka kuwa kitu kingine. Mtu akikuopoa mtoto wako baharini utamshukuru mpaka kufa, lakini mtoto hawi wake.

Wengine wana jibu la haraka: "Afadhali walizipeleka Ulaya. Tazama Khartoum sasa." Nami natazama. Vita vilipozuka Sudan mwezi Aprili 2023, mapigano yalifika mpaka kwenye Makumbusho ya Taifa. Mwezi Septemba 2024 UNESCO ilitangaza wasiwasi wake juu ya habari za uporaji, na jeshi lilipoutwaa tena mji mwezi Machi 2025, makumbusho yalikutwa yameporwa. Inauma. Lakini wanaosema hivyo wasome na historia ya Warsaw yenyewe. Mwaka 1944 Wajerumani waliichoma na kuibomoa Warsaw nyumba kwa nyumba, na makumbusho yake yalikuwa yamekwisha kuporwa. Wapolandi walipoujenga upya mji wao wa kale, sehemu moja walifuata picha za mchoraji Bellotto, aliyeichora mitaa ile katika karne ya 18. Miaka 20 tu baada ya moto ule, mji huo huo ukawa mahali pa usalama pa Mtakatifu Anna. Usalama, ndugu zangu, si tabia ya nchi fulani. Ni majira, kama kusi na kaskazi. Leo unavuma kwako, kesho kwa mwenzako. Mwenye zamu ya amani amtunzie asiye nayo, na asijivune.

Hebu sasa tugeuke upande wa pili, kwa wale wanaofunika. Katika karne ya 16, wakati wa mageuzi ya dini, Waingereza walipaka chokaa kuta za makanisa yao ili kufuta picha za watakatifu. Waliozipaka walikusudia kuua. Lakini chokaa ikafanya kazi ya ule mchanga wa Faras: ikazilinda picha dhidi ya mwanga na mikono ya watu kwa miaka 300 na zaidi. Kisha wakaja watu waliozipenda. Wakaikwangua chokaa kwa shauku. Mmoja wao, Profesa Ernest William Tristram, aliyezisoma na kuzinakili picha hizo kwa bidii kubwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, alizipaka nta ili kuzikinga na kuzing'arisha. Nta ikafungia unyevu ndani ya ukuta, ikanasa vumbi, picha zikawa nyeusi na lipu ikaanza kubanduka. Wahifadhi waliofuata walitumia miaka mingi kuitoa nta ya mtu aliyekuwa na mapenzi mema.

Unaona mchezo huu ulivyo? Adui alihifadhi, mpenzi akaharibu. Tukipima matendo kwa nia peke yake, tutamlaani aliyepaka chokaa na kumsifu aliyepaka nta. Tukipima kwa matokeo peke yake, itabidi tumshukuru mtu aliyetaka kufuta. Yote mawili yananikaa vibaya. Mimi mwenyewe nilikuwa na nia njema na ndoo mbili za rangi.

Wahifadhi wa siku hizi wana kanuni moja ambayo naiona imepita ufundi na kuwa maadili: chochote unachokiongeza, kiwe cha namna ambayo ajaye anaweza kukitoa. Usifanye jambo litakalomfunga mikono mtu ambaye hajazaliwa. Na kabla ya kugusa, andika, piga picha, pima. Kwa maneno mengine, kubali kwamba wewe si wa mwisho, na kwamba huenda unakosea. Ukiitazama hivyo, tofauti ya chokaa na nta inaonekana. Mpaka chokaa, bila kujua, alimwachia mwingine mlango. Mpaka nta, kwa mapenzi yake yote, aliufunga.

Nami nilikuwa nimeufunga. Fundi wangu alikuja nyumbani kwa bibi, akaugusa ukuta kwa kucha, akatikisa kichwa. "Ungepaka chokaa," akasema, "tungeibandua magamba kwa magamba. Hii rangi ya maji ikishika, haiachii." Tukajaribu kwenye kona moja ya chini, mahali pasipo na maandishi mengi, kwa ncha ya kisu. Ikatoka gamba ukubwa wa kiganja. Nililigeuza upande wa nyuma: lilikuwa limebeba mkaa wote. Pale ukutani pakabaki peupe. Kwenye gamba palikuwa na herufi tatu zilizogeuka, kama zinazosomwa kwenye kioo.

Niliapa kuendelea. Nilisema nitajifunza, nitatafuta dawa, nitaokoa japo lile jahazi. Nilikuwa na joto lile la mtu anayetaka kusamehewa, na nadhani ndilo joto lililokuwamo kwenye mikono ya wale waliokwangua makanisa. Bibi akaniwekea mkono begani. "Basi, acha. Angalau najua yumo humo. Ukizidi kumtafuta utammaliza."

Niliacha. Hilo ndilo tendo la kwanza la uhifadhi nililowahi kulifanya maishani, na lilikuwa ni kutofanya kitu.

Jioni zilizofuata bibi alikaa akiutazama ukuta mweupe na kunisomea. Ndiyo, kunisomea, hivyo hivyo. Alijua kila mstari ulipokuwa. "Hapa juu, kuzaliwa kwa mama yako. Hapa chini yake, deni la yule wa nazi, hakulipa mpaka kufa." Mimi nikaandika kwenye daftari langu la riwaya, na nikachora ukuta mzima kwa vipimo, kila neno mahali pake. Mengine alisahau, mahali hapo nikaacha pengo. Nilishawishika sana kuyajaza, maana mimi mtunzi bwana, tarehe moja mbili zingenishinda? Sikuzijaza. Nafikiri tofauti kati ya kutunga riwaya na kutunza kumbukumbu ya mtu imekaa kwenye mapengo yale.

Wanaokwenda Kilwa Kisiwani au Gedi watakuambia kuwa kwenye lipu za majumba yale ya kale kuna michoro ya vyombo vya baharini, imekwaruzwa kwa kitu chenye ncha na mikono isiyojulikana. Si michoro ya wafalme. Ni ya mtu aliyekuwa amesimama ukutani na chombo kimo kichwani mwake. Babu hakuwa wa kwanza, wala mimi sitakuwa wa mwisho kudhani kwamba mchoro wa namna hiyo ni uchafu. Kilwa iliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, Gedi mwaka 2024. Chumba cha bibi yangu hakitaingia orodha yoyote. Lakini swali ni lile lile, na halisubiri UNESCO: kabla hujachovya brashi, je, umemwuliza anayelala humo?

Ukuta ni wa nani, basi? Jibu langu, na mnaruhusiwa kunipinga katika toleo lijalo, ni kwamba kila mmoja ana sehemu yake: aliyechora, anayelala humo, aliyehamishwa, na ambaye hajazaliwa. Yule mwenye ndoo na brashi mkononi, au mwenye kisu na karatasi ya Kijapani, ndiye mwenye sehemu ndogo kuliko wote, ingawa ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Akilijua hilo atakwenda polepole.

Lile gamba ninalo. Nimelifunga kwenye kitambaa, liko ndani ya kopo la maziwa, chini ya kitanda. Bibi anajua. Juzi asubuhi alipita mlangoni akaniona nalo mkononi, nikilitazama kwa kioo ili herufi zikae sawa.

"Mume wangu," akasema, "njoo unywe chai, itapoa."